Mashua za rimoti: faida ya Pemba imo kwenye mbao, si kwenye redio

Mfanyabiashara wa Chake Chake au Wete anajua vyema maana ya mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Fedha hupungua mitaani na wenye vijimtaji huanza kutafuta pa kuvihifadhi. Wiki hii ukurasa huu umetupia jicho biashara ambayo wengi wataicheka kwanza: mashindano ya mashua ndogo za tanga zinazoendeshwa kwa rimoti kutoka ufukweni.

Tusiwaachie wacheke sana. Watoto wa mwambao wetu wamekuwa wakichonga vingalawa vya kuchezea, wakavitia tanga la kitambaa au la mfuko, wakavishindanisha maji yanapokuwa haba. Tofauti ni kwamba kingalawa cha mtoto hurekebishwa tanga na usukani kabla ya kuachiwa, kisha mwenyewe hukimbia nacho majini. Mashua ya rimoti ina mota mbili ndogo ndani yake, moja ya kugeuza usukani na nyingine ya kukaza au kulegeza demani. Haina injini ya kuisukuma. Anayeshika rimoti lazima ajue kubisha kama nahodha yeyote, na kijana wa Kojani hahitaji kufundishwa upepo unatoka wapi.

Kwa mwekezaji, swali ni aina gani ya mashua. Ziko nyingi duniani, lakini mbili zinatosha kuonyesha njia mbili za mtaji.

Ya kwanza ni DragonForce 65, ya sentimita 65, inayotengenezwa China na kampuni ya Joysway. Bei yake nje ni dola mia mbili na ushei. Kanuni zake zinataka mashua zote zitoke kiwandani zikiwa sawasawa, kwa hiyo fundi wetu hana lake hapo. Hii ni biashara ya muagizaji: alete boksi, alipe ushuru, auze, kisha aendelee kuuza vipuri. Ni biashara halali, ila faida ya kutengeneza inabaki China, na siku muagizaji mwenye mtaji mkubwa zaidi atakapoingia sokoni mdogo atabanwa bei.

Ya pili inaitwa International One Metre. Ilianzishwa mwaka 1988, na waliotunga kanuni zake walikusudia mtu aweze kuiunda nyumbani. Urefu hauzidi mita 1, uzito haupungui kilo 4, na kina chake majini hakizidi sentimita 42. Kaboni imekatazwa katika bodi. Mbao zinaruhusiwa, na mlingoti waweza kuwa wa mbao au alumini. Huko Ulaya mashua kamili iliyotoka kwa fundi mwenye jina huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Redio, betri na mota ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Kinacholipiwa ni mkono wa fundi na mshono wa matanga.

Hapo ndipo Pemba ina mali. Hata hivyo mwenye fedha asikimbilie kwa fundi wa ngalawa na kumwambia achonge gogo la mwembe. Katika kilo 4 hizo, mkuku na risasi yake huchukua kati ya kilo 2.2 na 2.5, hivyo bodi, mlingoti, matanga na vyombo vyote vya umeme vinagawana kilo moja na nusu tu au zaidi kidogo. Gogo halitafika hapo. Zinahitajika mbao nyepesi zilizopasuliwa nyembamba mno, zikaunganishwa kwa gundi juu ya kalibu. Fundi wa jahazi, aliyezoea kupanga mbao, yuko karibu zaidi na kazi hii kuliko mchonga mtumbwi. Bodi mbili tatu za mwanzo huenda zikaharibika, na gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Matanga yanaweza kuleta fedha mapema zaidi. Kila mashua ya aina hii huruhusiwa suti tatu za matanga, kubwa kwa upepo mwanana na ndogo kwa upepo mkali. Mahali ambapo kusi huvuma kama linavyovuma mwezi Julai, suti ndogo si pambo. Mshonaji mwenye cherehani nzuri na subira anaweza kuanza bila kununua hata mashua moja.

Soko la ndani halitakuwepo bila klabu. Mashua moja ni mchezo wa mtu mmoja. Kumi ni mashindano, na mashindano ndiyo yanayovunja milingoti na kuuza vipuri. Maji ya Pemba yanataka mpango. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkuku wa sentimita 42 utakwama matopeni pale kingalawa kinapopita salama. Bahati nzuri ni kwamba siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi hivi alasiri, wakati watu wametoka kazini. Wapemba wanaojaa uwanjani kutazama mchezo wa ng'ombe watakuja pia kutazama matanga, na muuza urojo atauza.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Maji ya bahari yakiingia kwenye mota, imekwisha. Kila baada ya mashindano mashua isuuzwe kwa maji baridi na kufunguliwa ikauke. Anayekodisha mashua bila kusimamia hilo atakula mtaji wake kabla ya kaskazi kuingia.

Kuhusu kuuza nje, mnunuzi wa International One Metre atataka cheti cha vipimo kutoka kwa mpimaji anayetambuliwa na chama cha aina hiyo. Bila cheti mashua haiingii mashindanoni, na bei yake hushuka ikawa ya pambo la sebuleni. Kwa maoni yetu, mwenye mtaji mdogo aanze na mshonaji na fundi mmoja, auze matanga na bodi tupu, na amwachie mnunuzi ajitilie redio yake mwenyewe.