Boti haifi majini, inafia nchi kavu

Mvua za Aprili na Mei zikishika Pwani, boti ndogo ya starehe iliyotia nanga Mtwapa au Kilifi inaweza kuzama bila hata kuguswa na wimbi. Pampu ya kutoa maji ikizima, mvua inajaza ndani usiku kucha. Asubuhi mwenyewe anakuta kamba tu.

Wengi hapo husema boti imeenda. Subiri kwanza. Chumvi hula chuma haraka ikipata maji na hewa pamoja, na huko chini hewa ni haba. Saa inaanza kuhesabu ukishaitoa. Kwa hivyo kabla ya kuinua, hakikisha fundi na maji matamu viko tayari.

Kuinua ni fizikia ile ya sekondari. Pipa la lita 200 lililojaa hewa, likiwa chini ya maji, linabeba karibu kilo 200, ukitoa uzito wa pipa lenyewe. Palipo na maji machache, funga mapipa matupu wakati wa kupwa, kisha ngoja maji yajae. Siku za bamvua bahari ya Mombasa hupanda zaidi ya mita tatu, yaani winchi ya bure.

Ikitoka, osha injini hapo hapo. Fundi amechelewa? Izamishe kwenye pipa la maji matamu, usiiache ikauke. Akifika, atatoa plagi, amwage maji yaliyo kwenye silinda, atie oili, kisha aizungushe kwa mkono polepole. Ikigoma, usivute kamba kwa nguvu. Kama ilizama ikinguruma, huenda vyuma vya ndani vimepinda, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, weka mpya, washa kidogo, imwage tena.

Betri na nyaya, sahau, nunua mpya. Faiba iliyotoboka ikaushwe kabisa kabla ya kiraka, la sivyo kitabanduka.

Na kabla ya kubeba watu tena, lazima Kenya Maritime Authority iikague. Hapo hakuna njia ya mkato, ni maisha ya watu.

Wasee wawili wenye spana na pipa la maji wanaweza kugeuza boti kama hiyo kuwa kazi ya miaka. Lakini injini ikikaa juani wikendi nzima bila kuoshwa, mteja atakayebaki ni yule wa vyuma kuukuu, anayenunua kwa kilo.