Keki ya Oda Haina Mnunuzi wa Pili: Linda Pesa Yako Unapooka Nyumbani

Ukipika mandazi thelathini na mteja asitokee, majirani watayamaliza. Lakini ukioka keki ya kilo mbili yenye umbo la gitaa, rangi ya zambarau na maandishi "Brayo @ 40", halafu mwenye oda azime simu, utamuuzia nani? Mwenye jina hilo, umri huo na gitaa hilo ni mmoja tu. Na wakati huo unga, mayai, chokoleti na usiku wako mzima vimeshaisha.

Hiyo ndiyo hatari ya biashara ya keki na chokoleti za muundo maalum. Wengi wanaoifanya hapa Kenya huanzia jikoni nyumbani: oda zinakuja WhatsApp na Instagram, malipo yanakuja kwa simu, keki inaondoka kwa boda. Mtaji ni mdogo, na oda moja ikienda mrama inaweza kula faida ya oda tatu. Kwa hivyo leo tuangalie mambo matatu: pesa iingie lini, iwe kiasi gani, na utajuaje kwamba imeingia kweli.

Unauza muundo, si kilo peke yake

Tumezoea kuuliza, "Kilo ni ngapi?" Swali hilo linatosha kwa keki ya kawaida. Kwa keki ya muundo, kilo mbili za duara na kilo mbili za gitaa ni kazi mbili tofauti kabisa. Kuna kuchora, kukata, kuchanganya rangi, na kutengeneza mapambo siku mbili kabla.

Tufanye hesabu ya mfano. Badilisha namba kulingana na bei za mtaa wako:

- Unga, sukari, mayai, siagi na vanila: shilingi 1,300
- Chokoleti na krimu: 900
- Ubao na sanduku: 250
- Gesi na stima: 150
- Kazi yako, saa 6 kwa shilingi 250: 1,500

Jumla ni 4,100. Ukiongeza faida ya asilimia 20, ambayo ni 820, unafika 4,920. Sema 5,000. Angalia mstari wa mwisho wa orodha: wengi huuacha nje, wakadhani wana faida, kumbe wamejilipa mshahara wao tu, tena nusu nusu. Usafiri uhesabu kando, na mteja aujue mapema.

Bei za vitu nazo husonga. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na waliokuwa wakiuza kwa orodha ya bei ya mwaka uliotangulia waliumia bila kujua. Piga hesabu upya kila unaponunua chokoleti mpya.

Dipoziti ifunike vitu vyote unavyonunua

Wengi huomba "nusu" kwa mazoea. Kipimo bora ni hiki: dipoziti isipungue gharama ya vitu utakavyonunua na kutumia, pamoja na kitu kidogo cha kuchora muundo. Katika mfano wetu, vitu ni 2,600. Nusu ya bei ni 2,500, yaani mteja akitoroka tayari umepoteza 100 kabla ya kuhesabu jasho lako. Ukiomba 3,000, vitu vimelipwa na kuna 400 za mchoro.

Salio nalo liingie kabla keki haijatoka nyumbani. Kwa mteja mpya, liweke siku mbili kabla ya sherehe. Usione haya kusema hivyo. Mteja mwenye nia njema huelewa haraka ukimweleza, "Keki yenye jina la mwanao siwezi kuiuza kwa mtu mwingine."

Anayeona bei ni nzito mkubalie alipe pole pole, mradi tarehe ya mwisho iwe kabla ya siku ya kununua vitu.

Weka makubaliano kwenye meseji moja

Ugomvi mwingi huanzia kwenye mazungumzo yaliyotawanyika: picha imetumwa Jumatatu, rangi imebadilishwa kwa simu Jumatano, jina limetumwa kwa sauti. Kabla ya kupokea dipoziti, uliza idadi ya wageni, saa na mahali pa sherehe, kama keki itakaa juani, na kama kuna mtu anayedhurika na njugu, maziwa au mayai. Kisha andika yote mahali pamoja. Kwa mfano:

"Habari ya jioni, dada. Oda yako ni hii: keki ya chokoleti kilo 2, umbo la gitaa kama mchoro wa pili. Maandishi: Brayo @ 40. Haina njugu. Itachukuliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Bei ni 5,000. Dipoziti 3,000 leo, salio 2,000 kufikia Alhamisi jioni. Mabadiliko ya muundo mwisho ni Jumanne. Ukighairi baada ya Jumanne dipoziti hairudi, kwa sababu vitu vitakuwa vimenunuliwa. Ukikubali, jibu NDIYO kisha ulipe kwa namba ya till ya biashara."

Jibu hilo la NDIYO pamoja na muamala ndio mkataba wenu. Siku ya kukabidhi, piga picha ya keki ikiwa ndani ya sanduku. Mtu akidai baadaye kwamba hakupewa alichoagiza, au akiomba malipo yarudishwe, una cha kuonyesha.

Pesa imeingia? Angalia simu yako, si yake

Matapeli wanapenda waokaji kwa sababu siku ya sherehe kila mtu ana haraka. Mbinu zao tunazijua:

*Picha ya muamala.* Mtu wa boda yuko mlangoni, mteja anatuma picha kuonyesha kwamba amelipa. Picha si pesa. Subiri meseji kwenye laini yako, kisha fungua menyu uone salio la till limepanda.

*Meseji ya uongo.* Inafanana na ya kweli, lakini imetoka kwa namba ya kawaida ya simu badala ya jina rasmi la huduma. Salio halidanganyi, kwa hivyo likague kila mara.

*"Nimetuma zaidi."* Ulikuwa ungoje 3,000, meseji inasema 8,000, na sasa mtu analia urudishe 5,000 kwa namba nyingine. Kagua salio kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, usiitume kwa namba usiyoijua. Mwambie aliyelipa apigie huduma kwa wateja, nawe upige pia.

Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN yako, hata siku moja.

Chokoleti ikubebe siku zisizo na oda

Keki ya oda haina mnunuzi wa pili, lakini boksi la chokoleti lisilo na jina la mtu linaye. Vipande vya chokoleti tupu hukaa wiki nyingi mahali pakavu na baridi, kwa hivyo unaweza kuvitengeneza siku ambazo oda ni chache. Vyenye krimu ndani ni vya siku chache. Hivyo vitengeneze kwa oda.

Kumbuka kuna aina mbili. Kampaundi hutumia mafuta mengine ya mimea na ni rahisi kufanya nayo kazi. Chokoleti yenye siagi ya kakao inahitaji kipimajoto: ile nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi, hupozwa hadi 28, kisha hupandishwa hadi 31 au 32. Ukikosea, inatoka na madoa meupe. Pia huanza kulainika kabla ya kufika joto la mwili. Kwa hivyo mkaaji wa Mombasa au Kisumu afanye kazi alfajiri, na asimpe mtu wa boda boksi hilo saa saba mchana bila kifuko cha kuhifadhi baridi.

Mali bila daftari huisha bila habari

Dipoziti ikiingia kwenye laini yako ya kawaida, itachanganyika na pesa ya chama na ya mboga, na siku ya kununua chokoleti utaikuta imeliwa. Tumia till au laini ya biashara peke yake. Dipoziti usiiguse mpaka siku ya kununua vitu vya oda hiyo. Bado ni deni lako kwa mteja. Taarifa ya miamala ya kila mwezi ndiyo daftari lako, na ndiyo utakayoonyesha ukiomba mkopo wa oveni kubwa.

Itakusaidia pia kwa ushuru. Chini ya Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka iliwekewa ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Unatozwa kwenye mauzo yote, si faida, kwa hivyo uingize kwenye bei. Ulizia pia leseni ya biashara ya kaunti yako na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Ukianza kupeleka chokoleti madukani, utaulizwa alama ya ubora ya KEBS.

Kama una oda wiki hii, fanya mambo mawili leo: jumlisha gharama ya vitu vyake uone kama dipoziti uliyopokea inatosha, kisha mtumie mteja ile meseji moja ya makubaliano. Kama bado huna till ya biashara, bonyeza menyu yetu kwenye simu yako uchague kujisajili.