Chipsi ya mia: hesabu za karai mjini Kakamega

Ukitaka kujua mafuta ya kupikia yamepanda kiasi gani Kakamega, usimuulize mwenye duka la jumla. Nunua chipsi ya mia pale Lurambi, halafu uangalie mfuko umejaa hadi wapi. Katika biashara hii bei ni nzito kupanda. Kinachopungua ni kipimo. Mteja amezoea kuagiza "ya hamsini" au "ya mia", na mwenye kibanda akithubutu kutaja mia na ishirini, jirani yake ndiye atakayeuza siku hiyo.

Viazi vyenyewe havitoki hapa. Kakamega ni mahindi na miwa. Viazi huletwa na malori kutoka Molo, Timboroa, Bomet na Nyandarua, na kila mkono unaovishika njiani unataka chake. Vingi ni vya aina ya shangi. Wapishi wanaipenda kwa kuwa huiva upesi, ila huchipua mapema. Huwezi basi kujaza stoo msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, ukangoja uhaba. Unanunua cha wiki kwa bei ya wiki. Kanuni za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini gunia lililoongezewa wavu juu halijapotea sokoni, na mwenye kibanda akilipata hanuni.

Mafuta ndiyo yanayoumiza kichwa. Mengi hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwishoni mwa Aprili 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimeshakaba mafuta ya alizeti, Indonesia ilizuia mawese yake kuuzwa nje. Katazo halikumaliza mwezi, lakini kwa mtu anayenunua mtungi mmoja mmoja wa lita 20, mwezi ni mrefu. Kishawishi huwa ni kuyachosha mafuta: ya jana yanaongezewa kidogo, kesho hivyo hivyo, hadi chipsi zinatoka nyeusi na harufu inafika barabarani kabla yazo. Mpishi mzoefu huyachuja kila jioni, maana makapi yaliyoungua ndiyo huyaharibu haraka.

Kazi yenyewe huanza asubuhi. Kiazi kilichomenywa kinawekwa kwenye mashine ya chuma iliyofungwa mezani, mpini unavutwa, vipande vinadondoka ndani ya beseni la maji ili wanga utoke. Vinakaangwa nusu, vinaopolewa vikiwa bado vyeupe, kisha vinarudishwa kwenye karai mteja anapofika. Bila hatua hiyo ya kwanza, foleni ya saa saba mchana ingefika kwa fundi viatu.

Januari 2022 KFC iliishiwa chipsi nchini Kenya kwa sababu shehena yake kutoka ng'ambo ilichelewa, na Wakenya wakaichachamalia mitandaoni: viazi vya wakulima wetu je? Kampuni ilijibu kwamba wauzaji wake lazima waidhinishwe kwanza kwa viwango vyake. Kibanda cha Kakamega hakiwezi kukwama hivyo. Kinakosa tu mkataba wa bei, na hilo si dogo.

Kalenda ya kibanda ni ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Pesa za HELB, mikopo ya wanafunzi, zikiingia, makarai mawili hayatoshi. Chuo kikifungwa, moja linazimwa na kijana wa kumenya anaambiwa apumzike, yaani asilipwe.

Ajabu ni kwamba vibanda vinavyodumu mara nyingi ni vile vilivyochakaa, rangi imebanduka na benchi limeng'aa kwa kukaliwa. Sioni uchawi hapo. Mashine ilishalipiwa, na vivyo hivyo gudwili, zile pesa ambazo mpangaji mpya hutoa ili aachiwe chumba. Anayeingia leo na vigae vipya anabeba gharama hizo zote kabla hajauza mfuko wa kwanza, tena mfuko wenyewe ni wa karatasi, ghali kuliko ule wa plastiki uliopigwa marufuku Agosti 2017.

Wala faida haiko kwenye chipsi pekee. Chipsi humvuta mteja. Kinachosaidia kulipa kodi ya nyumba ni soseji, soda baridi na kipande cha kuku wa gredi kilichopangwa chini ya taa kwenye kabati la kioo. Katika nchi ya Waluhya kuku wa kienyeji bado ni wa mgeni na wa Jumapili, na hakuna mwenye kibanda anayejaribu kushindana naye. Yeye anauza Jumatatu hadi Jumamosi.