Je, Wajua? Dawa ya Sonona Ilizaliwa Wodi ya Kifua Kikuu

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya sonona ilitafutwa kwa ajili ya mapafu? Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, madaktari Edward Robitzek na Irving Selikoff walikuwa wakiijaribu iproniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Watu waliokwishakata tamaa wakaanza kula kwa hamu, kupiga soga na kucheza densi wodini, ilhali mapafu ya wengine yalikuwa bado yametoboka. Mwaka 1957 daktari wa akili Nathan Kline akatangaza kwamba dawa hiyo inawainua wenye sonona. Haikudumu sana madukani kwa kuwa ilidhuru ini. Dada yake, isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka uleule wa 1952, ipo hadi leo. Huko Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya, watu wengi wanaoishi na VVU wameimeza kwa miezi sita wajikinge na kifua kikuu.

Nimeanza na kifua kikuu makusudi. Katika kaunti hizi mbili za ziwani huwezi kuzungumzia dawa za sonona bila kupitia kliniki ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi Homa Bay, na asilimia 13 Migori, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 4.9. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za VVU (ARV) bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, wakati wagonjwa wengi nchini hawakuzipata kabisa. Huku watu wanajua maana ya kumeza kidonge kila siku kwa saa ileile. Ni ujuzi mkubwa, na ndio hasa anaouhitaji mtu mwenye sonona.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupewa dawa ya sonona kwa sababu miguu yake inawaka moto? Amitriptilini imetumika dhidi ya sonona tangu miaka ya 1960, lakini kwa kiwango cha chini hutolewa pia kwa maumivu ya neva, na kwa kuzuia kipandauso. Stavudini, mojawapo ya ARV za mwanzo, iliokoa maisha ya wengi na kuwaachia baadhi yao ganzi na mwako wa nyayo. Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache mwaka 2009. Amitriptilini ikawa dawa ya kutuliza mwako huo, ingawa majaribio mawili ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1998 hayakuiona ikiushinda mwako wa VVU zaidi ya kidonge kisicho na dawa ndani. Kwa wenye kisukari ina ushahidi mzuri zaidi kidogo.

Tazama inavyotoka kwenye dirisha la dawa. Tembe ndogo za miligramu 25 huhesabiwa, zikatiwa katika kibahasha, na juu yake huandikwa kwa kalamu jina la dawa, kisha: moja, usiku. Haiandikwi ni ya nini. Jirani akilisoma jina na kulitafuta kwenye simu, anamwambia mama wa watu kwamba amepewa dawa ya wendawazimu, na tembe zinaishia chooni. Sentensi moja ya mtoa dawa ingetosha: “Mama, hii ni ya miguu. Ukisikia ni ya kitu kingine usiitupe, rudi uniulize.” Tena anayepewa kwa ajili ya sonona anastahili kuambiwa waziwazi kwamba ni ya sonona. Hakuna aibu ndani yake.

Dawa ya virusi nayo yaweza kuigusa akili. Kwa miaka mingi efavirenzi ilikuwa kidonge cha usiku, na waliokitumia walijua ndoto zake: za rangi kali, ndefu, nyingine za kutisha. Mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio manne ulionyesha kwamba waliotumia efavirenzi walikuwa na hatari ya fikra au vitendo vya kujiua takribani mara mbili ya wenzao. Mwaka 2017 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutoa toleo la bei nafuu la dolutegraviri, na efavirenzi ikaanza kuondoka. Dolutegraviri nayo humnyima usingizi mmoja mmoja. Mara nyingi kuihamishia asubuhi hutosha.

Je, wajua kwamba dawa ya malaria na amitriptilini hazipatani vizuri? Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya, na AL ndiyo dawa ambayo kila nyumba inaijua. Lumefantrini iliyomo ndani yake huzuia ini kuivunja amitriptilini, na zote mbili zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo ukienda kutibiwa homa, sema unameza nini jioni, hata kama hukuulizwa.

Dawa nyingine ya sonona, fluoksetini, inayojulikana zaidi kwa jina la Prozac, iliidhinishwa Marekani Desemba 1987. Hataza yake ilipokwisha mwaka 2001 viwanda vingi vikaanza kuitengeneza, bei ikaporomoka. Wengi huiacha kabla haijafanya kazi. Kichefuchefu huja siku za mwanzo, nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi. Kichefuchefu kina sababu yake: takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni na kwenye utumbo. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, wiki kadhaa pamoja na mabaki yake, hivyo kusahau siku moja hakuleti balaa. Dawa nyingine za sonona hazisamehe hivyo. Ukiziacha ghafla waweza kupata kizunguzungu, usingizi wa mang’amung’amu na hasira. Huo si uraibu, kwa maana hazimfanyi mtu azitamani wala kuongeza kiwango kila mwezi. Lakini zipunguzwe polepole, kwa ushauri wa aliyeziandika.

Tena ile hadithi ya kwamba sonona ni upungufu wa serotonini haijathibitishwa. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 hayakuupata upungufu huo. Dawa husaidia wengi, zaidi wale ambao sonona yao ni nzito, ila namna zinavyosaidia ni tata kuliko tulivyoambiwa. Kwa walio chini ya miaka 25 zaweza kuongeza fikra za kujiua wiki za mwanzo, hivyo kijana aangaliwe kwa karibu. Na mwenye historia ya kupandwa na furaha isiyo na breki, akikesha bila kuchoka, aiseme kabla ya kuanza, maana dawa hizi zikitumiwa peke yake zaweza kumrusha huko.

Je, wajua kwamba maneno nayo yamepimwa kama dawa? Mwaka 2002, ng’ambo ya ziwa katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wa vijiji 15 walikaa katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakizungumza misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji 15 vya kulinganishia, walishuka kutoka 94 hadi 54.7. Baadaye, katika hospitali ya kaunti ya Kisumu, watafiti wakalinganisha mazungumzo ya aina hiyo na fluoksetini, huku vyote vikitolewa na wahudumu wasio mabingwa wa akili. Kaunti ambayo mabingwa wake ni wa kuhesabika kwa vidole ina haja ya njia zote mbili.

Orodha ya maswali tisa inayotumiwa kupima sonona kliniki ilitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ufadhili wa Pfizer, kampuni iliyokuwa ikiuza dawa ya sonona, kisha ikakaguliwa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU. Swali la tisa linauliza kuhusu fikra za kufa au kujidhuru. Hadi juzi, aliyejaribu kujiua Kenya angeweza kufungwa miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Anayejibu ndiyo kwa swali hilo ahudumiwe siku hiyohiyo, apewe tembe chache kwa mara moja, na mtu wa nyumbani azitunze, hasa ikiwa ni amitriptilini, ambayo ikizidi kiwango huudhuru moyo kuliko fluoksetini.