Tairi la Majira Yote: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Matairi ya Baiskeli ya Milimani

Mlaji anayeambiwa dukani kwamba tairi fulani ni la majira yote anayo haki ya kuuliza: majira ya wapi? Kwa mwendeshaji wa Ulaya ya kaskazini, maneno hayo humaanisha mvua baridi, majani yaliyooza njiani na mizizi yenye utelezi. Kwa mwendeshaji wa Lushoto ni udongo mwekundu unaogeuka sabuni wakati wa masika. Kwa yule wa Shinyanga ni udongo mweusi wa mbugani, unaogandamana na gurudumu mpaka likagoma kuzunguka, na kwa yule wa Bagamoyo ni mchanga. Kiangazi kikifika, karibu kila mahali huwa ni vumbi, changarawe na miiba ya migunga.

Hakuna tairi moja linaloyamudu yote hayo. Lipo, hata hivyo, tairi linalofaa kwa sehemu kubwa ya mwaka katika njia anayoipita mnunuzi mwenyewe, na kulipata hakuhitaji fedha nyingi kuliko kulikosa. Kunahitaji kusoma ubavu wa tairi na kuujua udongo wa nyumbani.

Soma namba kabla ya kutazama umbo

Tunaanza na ukubwa, kwa kuwa hapa ndipo hasara na hatari hukutana. Ukubwa huandikwa kwenye ubavu wa tairi kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya inchi, mfano 26 x 2.10, ambayo ndiyo wauzaji huitaja. Ya pili ni jozi ya namba za milimita, mfano 54-559, inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Katika jozi hiyo namba ya kwanza ni upana wa tairi; ya pili, yenye tarakimu tatu, ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya tarakimu tatu ndiyo ya kuaminiwa.

Sababu ni kwamba inchi za baiskeli zimebaki kuwa jina zaidi kuliko kipimo. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ina rimu ya 559. Baiskeli ya mjini iliyotumika Japani, ambayo huweza kupatikana katika rundo lilelile la mitumba, nayo huitwa ya inchi 26. Lakini tairi lake ni 26 x 1 3/8, na rimu yake ni 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi awezaye kuiziba kwa ustadi. Vivyo hivyo, ile baiskeli nyeusi ya kizamani iliyozoeleka vijijini hutumia 28 x 1 1/2, yaani 635, ilhali baiskeli nyingi za Ulaya ziitwazo za inchi 28 ni za 622. Na hiyo 622, ikivishwa baiskeli ya milimani, hubadilishwa jina ikaitwa inchi 29. Ile ya inchi 27.5 ni 584.

Tairi dogo halitaingia kwenye rimu kubwa, na hasara yake huishia kwenye nauli ya kulirudisha dukani. La kuogopwa ni tairi kubwa kuliko rimu. La 635 huingia kwenye rimu ya 622 bila kulazimishwa, hupokea upepo kiasi, huzunguka likiyumba, na huweza kuchomoka ukingoni wakati wowote. Mtu anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo hana nafasi ya kujadiliana na tairi lililochomoka. Kwa hiyo anayemtuma ndugu mjini amnunulie tairi amwandikie zile tarakimu tatu kwenye karatasi, wala asimwambie tu "la ishirini na sita".

Upana nao una mpaka wake, nao ni fremu. Kwa njia za mchanganyiko, upana wa inchi 1.95 hadi 2.25 hutosha wengi wetu. Kabla ya kununua pana zaidi, mwendeshaji apitishe kidole kidogo kati ya tairi alilo nalo na fremu, pande zote mbili, na tena kwenye uma wa mbele. Kidole kisipopita, tope halitapita.

Kashata na udongo

Wanunuzi wengi huvutwa na tairi lenye kashata kubwa, kwa imani kwamba ukubwa ndio nguvu. Katika udongo wa kunata, nafasi iliyopo kati ya kashata ina uzito kuliko kimo chake. Kashata zilizobanana hushika tope, hulishikilia, na baada ya mizunguko michache tairi huwa laini kama kipara. Zilizoachana hulitupa tope kadiri gurudumu linavyozunguka. Mwendeshaji wa milima ya Usambara, ambaye masika yake ni ya Machi hadi Mei na vuli huja tena kuanzia Oktoba, atafaidika na tairi la mbele la namna hii mwaka mzima.

Kwenye barabara kavu ya changarawe au udongo ulioshindiliwa, mambo hugeuka. Kashata ndefu zilizoachana hulegea na kupinda, huongeza kelele na uchovu, na huliwa upesi na lami. Hapa panafaa kashata fupi zilizokaribiana katikati ya tairi, zikiwa na kashata imara zaidi pembeni kwa ajili ya kona. Mchanga wa pwani haujali sana umbo. Hutaka upana, na upepo uliopunguzwa kidogo.

Je, anayepita njia zote hizo afanyeje? Ushauri wetu ni kuacha fikra kwamba matairi mawili lazima yafanane. Tairi la mbele ndilo linaloongoza na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Likiteleza, mwendeshaji huanguka. La nyuma likiteleza, mara nyingi hupoteza mwendo tu. Basi mbele liwekwe tairi lenye kashata zilizoachana, na nyuma lenye kashata fupi za katikati, lisilochosha miguu na lisiloisha haraka chini ya mzigo. Mshale uliochorwa ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka. Katika mchanganyiko huu kila tairi litakuwa na siku zake za kulalamikiwa, lakini mwaka mzima utapitika.

Kuhusu udongo mweusi wa mbugani uliolowa, hatuna tairi la kupendekeza. Pale baiskeli hubebwa, na muuzaji anayeahidi vinginevyo apuuzwe.

Unene na ulaini wa mpira pia hutofautiana. Mpira laini hushika vizuri mawe yaliyolowa, lakini huisha upesi. Baadhi ya watengenezaji huandika idadi ya nyuzi kwa inchi katika kitambaa cha tairi: 30, 60 au 120. Namba kubwa ina maana ya nyuzi nyembamba, tairi jepesi na mwendo mwororo. Tairi hilo pia huchanika ubavuni kwa urahisi zaidi lisipoongezewa kinga. Penye migunga na mawe makali, 60 ni chaguo la busara, na 30 si aibu.

Upepo

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni tairi baya. Ubavuni huandikwa kiwango cha juu kisichopaswa kupitwa, nacho mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa ndicho kinachopendekezwa. Kwa tairi la 26 x 2.10 lenye tyubu, mwendeshaji wa kilo 60 hadi 80 asiye na mzigo kwa kawaida huridhika na paundi 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba. Siku ya tope ashuke kidogo ndani ya mipaka hiyo. Siku ya lami, au ya gunia nyuma, aongeze tairi la nyuma.

Pancha husema chanzo chake. Tyubu ikikutwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka, tatizo si mwiba. Ni upepo mdogo uliofanya tyubu ibanwe kati ya jiwe na rimu. Kununua tairi nene zaidi hakutaponya hilo. Tundu moja upande wa nje ndilo la mwiba, na tundu la upande wa ndani hutokana na ncha ya spoki au ukanda wa rimu uliochakaa.

Dukani

Tairi lililoning'inizwa juani kwa muda mrefu huzeeka kabla ya kuuzwa. Mnunuzi alikunje kidogo kwa mikono: nyufa ndogo zikijitokeza ubavuni au chini ya kashata, aliache. Apitishe vidole kwenye ukingo wenye waya kutafuta mahali palipopinda. Tairi lisilo na namba za ukubwa wala jina la mtengenezaji lisinunuliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa likileta madhara hakutakuwa na wa kuwajibishwa isipokuwa muuzaji, naye huenda akakana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayomuuzia. Ili haki hiyo idaiwe, mnunuzi adai risiti, na aombe ukubwa wa tairi uandikwe humo kwa zile tarakimu tatu. Tairi likionekana na kasoro, lisikatwe wala kuzibwa kiraka kabla ya kupigwa picha ubavuni, namba zikisomeka, na kurudishwa kwa muuzaji pamoja na risiti. Akikataa kulipokea, malalamiko yaletwe kwa maandishi, yakitaja tarehe ya kununua, jina la duka, na njia ambayo baiskeli hupita.