Bandama na Kongosho: Viungo Viwili, Majina Matatu

Makala haya yanaeleza maumbile na kazi za viungo viwili vinavyokaa jirani tumboni, na ambavyo msomaji wa matini za sayansi huweza kuvichanganya kwa urahisi. Chanzo cha utatanishi huo ni cha kiisimu: kiungo cha kwanza kina majina mawili, bandama na wengu, ilhali cha pili kina moja tu, kongosho. Mwandishi atumiaye majina yote matatu pasipo kueleza usinonimia uliopo humfanya mwanafunzi adhani kuwa viungo ni vitatu. Hapa litatumika neno bandama.

Kiungo hiki hukaa upande wa kushoto, chini ya kiwambo, kikikingwa na mbavu za 9 hadi 11. Kwa mtu mzima kina urefu wa sentimita 12 hivi na uzito unaokaribia gramu 150. Sehemu yake nyekundu huchuja damu: chembe nyekundu, ambazo huishi siku 120 hivi, zikishazeeka hushindwa kupenya matundu yake membamba, zikamezwa, na chuma kilichomo hurejeshwa kuundia chembe mpya. Sehemu nyeupe hushughulikia kinga. Kwa kuwa malaria huharibu chembe nyekundu kwa wingi, bandama huvimba. Mwaka 1848, huko India, T. E. Dempster alitumia uvimbe huo kupimia kuenea kwa homa hiyo. Kwa mgonjwa wa selimundu mambo huwa kinyume: mishipa huziba, na aghalabu kiungo husinyaa tangu utotoni.

Kongosho, lenye urefu wa sentimita 15 hivi, limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mkia wake huifikia bandama. Moyo, ini na nyongo vimezaa nahau tele katika Kiswahili. Kongosho halikubahatika, pengine kwa sababu limejificha mno. Sehemu yake kubwa hutoa majimaji yenye vimeng'enya vya kusagia wanga, protini na mafuta. Vijisiwa alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869 ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho, lakini ndivyo vitoavyo insulini, inayoshusha sukari ya damu, na glukagoni, inayoipandisha. Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata dondoo ya insulini mjini Toronto mwaka 1921.

Ateri ya bandama hupita kandokando ya ukingo wa juu wa kongosho. Kwa hiyo mpasuaji akatapo mkia wa kongosho mara nyingine hulazimika kuondoa bandama pia. Mgonjwa aliyeelezwa kuwa “wengu” utaondolewa, naye ajua bandama tu, hutia sahihi asichokielewa. Aliyeondolewa bandama huhitaji chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Aliyeondolewa kongosho lote huhitaji insulini maisha yake yote.