Usemi wa Taarifa: Kesho ya Nani?

Usemi halisi hunukuu maneno jinsi yalivyotamkwa. Usemi wa taarifa huyaripoti. Chukua mfano wa mwajiri katika kiwanda cha mbao mjini Elburgon anayewaambia vibarua siku ya Ijumaa: "Nitawalipa kesho hapa." Jumatatu, kibarua mmoja anamweleza chifu: "Alisema atatulipa kesho." Chifu ataelewa Jumanne, ilhali malipo yalistahili kutolewa Jumamosi.

Kanuni ni kuwa nafsi, wakati na mahali hupimwa kutoka kwa anayeripoti: "Alisema kwamba angetulipa siku iliyofuata mahali pale." Nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, "-wa-" imekuwa "-tu-", "kesho" imekuwa "siku iliyofuata", nayo "hapa" ikawa "pale".

Utata umo katika kugeuza "-ta-" kuwa "-nge-". Sarufi ya shuleni nchini Kenya huhimiza badiliko hilo, ingawa wasemaji wengi huibakiza "-ta-". Isitoshe, "-nge-" ni kiambishi cha masharti pia; "angetulipa" huweza kudokeza sharti ambalo mwajiri hakulitaja. Hivyo, kubadilisha viambishi pekee hakutoshi. Anayeripoti ahadi na aitaje siku yenyewe, Jumamosi, ili haki ya kibarua isipotelee katika sarufi.